Ngozi Tuliyomvika Mwanakondoo

Manyoya ya kondoo yaliyolowa, yakikaribia moto wa kuni mbichi, hutoa harufu ambayo sijawahi kusikia mtu akiipa jina. Ina moshi, ina maziwa yaliyochacha, ina tope, na kwa mbali ina kitu kama nepi ya mtoto iliyoanikwa kabla ya kufuliwa vizuri. Jikoni kwetu ilianza mwezi wa sita, ukungu ulipokuwa umeshuka kutoka msituni na kukataa kuondoka, na ilikaa nasi mpaka mwezi wa nane jua liliporudiwa na akili zake. Ilikuwa kwenye blanketi, kwenye sweta la shule, kwenye ugali wenyewe. Darasani, sisi wa nyumba zenye kondoo tulijulikana kwa pua tu, na wenzetu wa nyumba zenye ng'ombe walitucheka, kana kwamba ng'ombe hunukia marashi. Wapo watu wanaokumbuka utoto wao kwa harufu ya maandazi na maua. Mimi nilipewa hiyo, na msimu ninaoukumbuka kuliko mingine yote ni ule nilipokuwa darasa la nne, mwaka uliofuata kifo cha baba yangu.

Kijiji chetu kiko Mufindi, ng'ambo ya msitu wa misonobari, au misindano kama tunavyoiita sisi, ukitokea Mafinga. Wageni hupasifu sana. Huja na magari yao, wakapiga picha za ukungu, wakasema hewa ni safi, wakaondoka kabla ya jioni. Wahenga walisema aisifuye mvua imemnyea. Hawa walisifu ukungu wetu wakiwa wamepandisha vioo. Anayeishi ndani yake anaujua kwa namna nyingine. Nguo haikauki, kuni haziwaki, na asubuhi majani yana unga mweupe wa baridi unaochoma nyayo kama majivu ya moto. Nyumbani tulikuwa watu wanne: Mama, mimi, mdogo wangu ambaye bado alikuwa wa mgongoni, na Bibi, mama yake marehemu baba, ambaye kiti chake kilikuwa karibu na mafiga na hakikuhamishwa na mtu. Jiko lilikuwa kibanda cha mabanzi, zile mbao za pembeni zenye magome ambazo mashine za Mafinga huzitupa, na upepo ulipita katikati yake bila kubisha hodi.

Kondoo hawakuwa wetu. Walikuwa wa Baba Mkubwa, kaka yake baba, aliyekuwa na mashine ya kupasulia mbao Mafinga na tumbo la kuthibitisha hilo. Baada ya matanga aliwaleta kondoo majike watatu kwenye lori lake, akawashusha mbele ya watu, akasema hawezi kuiacha nyumba ya mdogo wake ikae kama haina mwanamume. Watu walimsifu sana. Jambo lenyewe halikuwa geni: kwetu mwenye mifugo mingi humpa ndugu au jirani amtunzie, na malipo hayatoki mfukoni, yanatoka tumboni mwa mnyama. Kwa kila jike, uzao wa kwanza na wa pili ni wa mwenye mali, wa tatu ni wa mtunzaji. Na ili mtunzaji asije akachinja kwa siri na kusingizia ugonjwa, kuna sheria ya ngozi. Mnyama wa mtu akifia mikononi mwako, awe mkubwa au wa kuzaliwa leo, unamchuna mzima mzima, kichwa na miguu yote minne, unaiwamba ngozi, unaikausha, na mwenye mali akija unaitandaza mbele yake. Anaigusa, anahesabu miguu, basi, umeaminika. Ngozi isipokuwepo, umekula au umeuza, na hakuna kiapo kitakachokusaidia. Aliyekufa akiwa wa kwako mwenyewe, ngozi yake ni yako, itupe ukitaka.

Mmoja wa wale watatu alikuwa kondoo mzee mwenye paji la uso lisilo na manyoya, tukamwita Kipara. Alipomshusha, Baba Mkubwa alitangaza kwa sauti ya mtu anayejua kwamba anasikilizwa: huyu ameshanizalia mara mbili, uzao wake ujao ni wa shemeji. Mama alipiga goti akashukuru. Alikuwa mwanamke asiyependa kusema sana, lakini kuanzia siku ile nilimwona akimtazama Kipara namna mtu anavyotazama sufuria iliyo motoni. Shamba lilikuwa la ukoo, nyumba ilikuwa ya ukoo, hata jembe zuri lilikuwa la marehemu na kila shemeji alilijua. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, alikuwa akiniambia tukiwa shambani, na sikuelewa kwa nini mtu asiyetegemea chochote ila mikono yake aseme hivyo. Sasa naelewa. Alitaka kitu kimoja chenye uhai ambacho akikiuza, akikichinja au akikiacha kizae hatamwomba mtu ruhusa. Kitu hicho kilikuwa tumboni mwa Kipara.

Wenye akili huwapandisha kondoo kwa hesabu, ili wazae mvua zikiwa zimeanza na majani yakiwa laini. Lakini dume lilikuwa la Baba Mkubwa, na lililetwa siku iliyomfaa Baba Mkubwa, lori lilipokuwa na nafasi. Kwa hiyo majike yetu yalizaa katikati ya baridi, yamekonda, malisho yakiwa mabua na matumaini. Msimu wa kuzaa wa namna hiyo humfanya mtu aishi kwa masikio. Mama alikuwa akipika, akisikia mlio wa zizini anaacha mwiko ndani ya ugali. Mimi nilipewa kazi ya kunguru. Wale wenye shingo nyeupe wanajua kondoo amekaribia kuzaa hata kabla ya mwenyewe kujua. Hutua juu ya uzio, wanangoja kwa adabu kama wageni wa harusini, na mwanakondoo akitoa kichwa tu wanashuka kudonoa macho. Nilitoka shule mbio na kusimama pale na fimbo mpaka vidole vikafa ganzi. Hata hivyo jike la kwanza lilizaa mtoto dhaifu ambaye hakufika jioni. Alikuwa wa Baba Mkubwa. Mama alimchuna kwa uangalifu kama anayekata kitambaa cha kanisani, akaiwamba ngozi kwa misumari ya miti kwenye ukuta wa jiko, miguu yote minne imenyooshwa, na kila mgeni aliyeingia aliiona. Hakuwa mzembe na hakuwa mjinga wa sheria. Nalisema hili mapema kwa sababu baadaye lilisemwa kinyume chake.

Kipara alishikwa na uchungu asubuhi moja ya manyunyu, nikiwa nimeshavaa sare. Sikwenda shule. Nilimshika kichwa, nikausikia moyo wake ukigonga kwenye magoti yangu, wakati Mama amepaka mkono sabuni na kuutia ndani akitafuta miguu ya mtoto iliyokaa vibaya. Ilichukua muda mrefu, na Mama alikuwa akiongea na yule kondoo kwa Kihehe, maneno yale yale ambayo wanawake huambiana wakati wa kujifungua. Hatimaye alitoka mtoto jike, mkubwa, mwenye doa jeusi kwenye paja. Mama aliinua mguu akaangalia, akasema tu, "Ni jike, Felista," na kumfuta pua kwa ncha ya khanga yake. Furaha yetu haikufikia mchana. Damu ya Kipara haikukata. Alipokuwa anakata roho Mama alipiga magoti kwenye tope akamkamua dang'a, yale maziwa mazito ya kwanza, akaikinga kwenye kikombe cha bati kabla mwili haujapoa. Kisha alimchuna, maana Kipara mwenyewe alikuwa wa Baba Mkubwa, na mguu mmoja wa nyuma akautundika juu ya moshi ili mwenye mali akija aukute.

Mwanakondoo alihamia jikoni, kwenye gunia, kati ya mafiga na miguu ya Bibi. Dang'a iliisha upesi. Jirani alitupatia maziwa ya ng'ombe, tukayachanganya na maji ya uvuguvugu na kumnywesha kwa kitambaa, lakini yalimharisha, na kila asubuhi alikuwa mwepesi zaidi mkononi. Mama hakulala vizuri na hakula vizuri; alikuwa mkali kwangu kwa mambo yasiyo na maana, chumvi, mlango, namna ninavyotembea. Nilijua kwamba hanikasirikii mimi. Kisha jike la mwisho, kondoo mchanga aliyekuwa hajawahi kuzaa, ambaye tulimwita Binti, akazaa zizini kwenye mvua. Mtoto wake, dume, alipumua kidogo, akatikisa sikio moja, akafa mbele yetu. Uzao wa kwanza wa Binti, kwa hiyo wa Baba Mkubwa. Basi tukawa na mama mwenye kiwele kilichojaa anayelilia mtoto, na mtoto mwenye tumbo tupu anayelilia mama, na ukuta wa mabanzi katikati yao. Mama alimpeleka yatima kwa Binti. Binti akamnusa, akarudi nyuma hatua kadhaa, akampiga kichwa akamrusha. Tulijaribu tena na tena, na kila mara alimpiga.

Ni Bibi aliyesema. Alikuwa ameketi pale pale, blanketi lake kuukuu mabegani, akatema mate pembeni na kusema, "Mvike."

Mama akauliza amvike nini.

"Ngozi ya huyu mfu. Mchune kama unamvua mtoto sweta, halafu mvike yatima. Kondoo hatumii macho, anatumia pua. Atamkubali tu."

Mama aligeuka kuitazama ile ngozi nyingine iliyowambwa ukutani. "Na shemeji je, Mama?" akasema. "Huyu aliyekufa ni wa kwake. Ngozi ikiozea mgongoni mwa huyu mwingine, akija nitamwonesha nini?"

"Utamwonesha mimi," Bibi akasema. "Mimi si ndiye niliyemzaa? Atabishana na mimi?"

Mama alitaka kwanza kumwita jirani aje ashuhudie. Bibi akamwambia kwa ukungu ule hakuna mtu atakayepanda kile kilima, na kwamba mpaka jirani avae viatu mwanakondoo atakuwa ameshakufa. Alisema kweli, mwanakondoo alikuwa ameshaanza kulegea shingo. Na shahidi gani angekuwa mkubwa kuliko mama mzazi wa mwenye mali? Nimelipindua swali hilo kichwani kwa miaka mingi na bado sioni kosa la Mama liko wapi. Alifikiri kama mtu yeyote wa kwetu angefikiri. Neno la mama wa mtu kwetu ni zito kuliko ngozi, na yeye alilichukua kwa uzito huo. Akanoa kisu.

Ngozi ya kumvisha mnyama haichunwi kama ya kuwamba. Miguu hukatwa kwenye magoti ili pabaki matundu, kichwa huachwa, na ile ngozi hutoka kama koti dogo lenye damu ndani. Tulimpitishia yatima miguu yake moja baada ya nyingine, mimi nikishika, Mama akivuta, na mkia wa mfu ukaning'inia juu ya mkia wa aliye hai. Alionekana kichekesho, kama mtoto aliyevalishwa koti la kaka yake. Mama alimpeleka zizini akamweka chini. Binti alikuja, akanusa mgongo, akanusa chini ya mkia, akatoa mlio mdogo wa kooni ambao sikuwa nimeusikia kwake, akasimama. Yatima akakishika kiwele kwa mdomo, na mkia wake wa ndani, ule wa kweli, ukaanza kutikisika chini ya ule mwingine. Mama alicheka. Alikuwa hajacheka tangu tulipomzika baba, na kicheko kilimtoka vibaya, kikakwama katikati kikageuka kikohozi.

Siku zilizofuata zilikuwa nzuri kuliko zote za msimu ule. Kuzaa si kazi, kazi kulea, na Binti alilea. Ngozi ilianza kunuka, na kwa ile mvua haikuwezekana kukauka. Ikalegea, ikaoza, funza wakaingia, na Mama alipoona Binti amekwishamzoea mtoto aliikata akaivua. Kilichobaki hakikuwa na umbo. Hata hivyo alikitandaza juu ya paa la jiko apate walau kitu cha kuonesha, na mbwa wa watu wakalipanda na kukimaliza. Hakuhangaika sana. Mwanakondoo alikuwa mzima, ananenepa, anaruka ruka bila sababu kama wafanyavyo wakishiba, na Mama alikuwa amekwisha kumkata alama yake mwenyewe sikioni, mkato mmoja kwa chini, alama ambayo haikuwa ya ukoo wala ya marehemu.

Baba Mkubwa alikuja mwishoni mwa baridi, lori limebeba mbao. Tulimsikia akipandisha kilima na Mama akajifunga khanga safi. Alikuwa na zawadi, sukari, sabuni, na kwa ajili ya mama yake blanketi jipya zito lenye picha ya simba, la aina ambayo kijijini kwetu ilikuwa kwa mwenyekiti na kwa mchungaji tu. Alimfunika Bibi kwa mikono yake mwenyewe, akamwambia akimaliza shughuli zake atampeleka mjini akatibiwe miguu. Bibi alilipapasa lile blanketi huku na huku. Kisha tukaenda zizini. Baba Mkubwa aliikagua ngozi ya Kipara, akaikagua ya yule mwanakondoo wa kwanza, akahesabu miguu, akapokea paja lililokaushwa, na akasema shemeji anafanya kazi nzuri. Akamwona mwanakondoo akinyonya.

"Huyu wa Binti amekua vizuri," akasema.

"Huyo ni wa Kipara, shemeji," Mama akajibu. "Ni yule wangu. Wa Binti alikufa, ngozi yake ndiyo tuliyomvika huyu ili akubaliwe. Ilioza."

Baba Mkubwa hakufoka. Ingekuwa afadhali angefoka. Alitabasamu kama mwalimu anayemsikiliza mtoto akidai kwamba daftari limeliwa na mbuzi, akaweka mkono kwenye uzio. "Shemeji," akasema, "mimi nimekua na kondoo. Kondoo hanyonyeshi mtoto wa mwenzake, hata huyu Felista anajua. Hii kondoo hapa inamlamba mwanae mbele ya macho yangu, wewe unaniambia sio wake. Sasa nimwamini nani, wewe au mama mwenye mtoto? Wa kwako alikufa na Kipara, ndio maana huna ngozi. Mambo ya Mungu hayo. Lakini usichukue wa kwangu."

Utingo wake, aliyekuwa ameegemea tairi, akacheka. Nakumbuka nilivyojisikia, kama mtu aliyepigwa na ubao. Kila tulichofanya vizuri kilikuwa kimegeuka kuwa ushahidi dhidi yetu. Kama Binti angemkataa yule mtoto, Mama angeaminika na mtoto angekuwa mfu. Kwa kuwa alimkubali, mtoto alikuwa hai na Mama alikuwa mwizi. Mama hakubishana. Alisema kwa sauti ya chini, "Muulize Mama. Yeye ndiye aliyenifundisha."

Tulirudi jikoni sote. Bibi alikuwa mahali pake, simba amemkalia magotini. Baba Mkubwa alichuchumaa mbele yake akamwamkia tena, "Kamwene, mama," akamweleza kwa upole, kisha akamwuliza kama aliona mwanakondoo wa Binti akifa na ngozi yake ikivikwa. Mama alisimama mlangoni na mikono yake imekaa tu. Bibi alitazama moto. Akavuta blanketi juu kidogo, akasema, "Mimi na macho yangu haya. Mimi nimekaa hapa jikoni na baridi yangu. Mambo ya zizini mnajua wenyewe."

"Bibi, wewe ndiye uliyesema avikwe," nikasema. Baba Mkubwa akasema watoto siku hizi wanapangwa maneno. Bibi hakunitazama. Mama akaniambia nichukue ndoo nikateke maji, na ndoo ilikuwa imejaa, lakini niliichukua, nikaenda kuimwaga mtoni nikaiteka upya. Niliporudi, Binti na mwanakondoo walikuwa wameshafungwa miguu na kulazwa juu ya mbao, na lile jike lingine pia, kwa sababu Baba Mkubwa alisema atawatafutia kondoo wake mtu mwenye moyo safi. Alisema hana kinyongo. Watu husema mnyonge mnyongeni lakini haki yake mpeni. Sisi tulinyongwa, na tuliambiwa tushukuru kwa sukari.

Mwisho wa mwaka ule binamu yangu alipata kipaimara na tulialikwa Mafinga. Ilikuwa sherehe kubwa, yenye maturubai na spika, na wali mwingi wa nyama. Kijana aliyekuwa akigawa sahani alisema kwa furaha kwamba wamechinja na mwanakondoo wa kule kijijini kwetu, mwenye doa, nyama laini hata meno hayahitajiki. Mama alishika sahani yake muda mrefu kisha akampa mtu aliyekuwa karibu, akanywa soda. Mimi nilikula. Nilikuwa na njaa na nyama ilikuwa tamu, na tangu siku ile najua kwamba uchungu na utamu vinaweza kukaa kwenye kinywa kimoja bila kugombana. Baba Mkubwa alipita kwenye meza yetu, akanishika kichwa, akauliza kama nimeshiba.

Kilichonishinda zaidi ni Bibi. Mama aliendelea kumpikia uji wa ulezi asubuhi, kumchemshia maji ya miguu, kumfulia lile blanketi la simba ambalo likilowa lilihitaji watu wawili kulikamua, na mimi nilikuwa wa pili. Mjini hakupelekwa kutibiwa miguu, si mwaka ule wala mwingine wowote. Hakusema kitu kuhusu mwanakondoo mpaka alipokufa, nikiwa kidato cha pili. Siku za nyama tu, ambazo zilikuwa chache, alichukua finyango lake akaliweka kwenye sahani ya Mama bila kusema neno, na Mama akalirudisha kwenye sahani ya Bibi bila kusema neno. Lilikuwa linatembea hivyo mpaka linapoa. Niliwahi kumwuliza Mama kwa nini hamwachi ale kwa mwanawe tajiri. Alisema mwanamke mzee asiye na kwake husema kile ambacho paa lake linataka, na hata yeye siku moja atakuwa mzee. Nilimchukia kwa jibu hilo. Nilitaka achukie pamoja nami.

Sasa ninaishi Uyole, nina duka la pembejeo karibu na barabara kuu, nauza mbegu, mbolea na dawa za mifugo. Wafugaji huja kuniuliza dawa ya mwanakondoo anayeharisha, na huwa nawapa dawa pamoja na somo la dang'a wasiloliomba. Mambo yamebadilika, wanasema. Kijijini siku hizi wenye kondoo wako Dar es Salaam na Dodoma, na mnyama akifa mtunzaji hahangaiki na misumari. Anapiga picha kwa simu, anaituma, na mwenye mali anaiona hata kabla nzi hawajafika. Nilifikiri hilo lingemaliza uonevu. Kisha mteja wangu mmoja alinionesha ujumbe aliojibiwa na bosi wake: hiyo ni picha ya mwaka jana, niletee ngozi. Nikaelewa kwamba tatizo halikuwa ngozi hata kidogo. Asiyetaka kukuamini hakosi cha kukudai, na anayekudai ndiye mwenye lori. Baba Mkubwa bado yupo, mzee sasa, mashine yake inaendeshwa na wanawe. Tukikutana msibani ananiita mwanangu na kuniuliza habari za biashara, na mimi namjibu vizuri kwa sababu Mama alinilea vizuri. Sijamsamehe, na sitafuti msaada wa kumsamehe.

Biashara ilipotulia nilimnunulia Mama kondoo majike kadhaa na dume lao, nikampelekea mwenyewe, nikamwambia mbele ya jirani kwamba ni wake, na uzao wote ni wake, wa kwanza, wa pili, wa tatu mpaka mwisho wa dunia. Alipiga goti akanishukuru, nikamwinua kwa nguvu, nikaona aibu. Nilimnunulia na simu yenye kamera. Baridi ya mwaka huu, kondakta wa basi la kutoka Mafinga alinipigia niende kuchukua mzigo. Ulikuwa mfuko wa salfeti uliofungwa kwa kamba ya katani. Nilifikiri ni njegere. Ndani mlikuwa na ngozi ya mwanakondoo, imekaushwa vizuri, imekunjwa kwa uangalifu, imewekwa chumvi pembezoni. Nilisimama nayo pale stendi, watu wananipita, na sikuweza kuondoka.

Nilimpigia simu. Nikamwambia, Mama, wale kondoo ni wako, si wangu, hukuwa na haja ya kunitumia ngozi. Akasema anajua ni wa kwake. Akasema hakutaka tu nikae huku Uyole nikajiuliza. Nikamwambia sijiulizi chochote, ninamwamini, nimemwamini siku zote, tangu nikiwa mtoto nimeshika kichwa cha Kipara. Nikasikia kuku nyuma yake. Kisha akaniuliza kama nimeikunjua yote, nikaona miguu iko minne.